Shajara ya mradi: tunachora njia na madiko (sehemu vyombo vya uvuvi vinapotua) kwanza, viwanja baadaye

Agosti, mwanzoni

Nimeamua kuweka kumbukumbu za mradi wetu hapa manake watu wa vijiji vingine vya pwani, wa huku Mtwara na wa upande wa Lindi, wananipigia sana kuuliza tunafanyaje huu mpango wa matumizi ya ardhi, na kwenye simu naishia kueleza nusunusu. Mimi ni katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Kijiji chetu kipo kaskazini ya Mikindani, jina silitaji mpaka mkutano mkuu upitishe mpango, sitaki ramani yetu ianze kuzunguka kwa madalali wakati wenye kijiji wenyewe bado hawajaikubali.

Hali ni hii: watu wanataka kuhamia huku. Sizungumzii mtalii wa kulala siku mbili akaondoka, nazungumzia mtu anayetaka kiwanja kinachoangalia bahari ajenge akae. Wapo wastaafu wa Dar, wapo watumishi wa Mtwara mjini, wapo watoto wetu wenyewe waliokwenda kutafuta maisha na sasa wanataka nyumba ya kurudia, na wapo wageni wa nje ya nchi pia. Na siwashangai kabisa, pwani yetu ni nzuri jamani, mchanga mweupe, mibuyu inashuka mpaka karibu na maji, miezi ya Julai mpaka Novemba nyangumi wanapita na wakiruka unawaona ukiwa umesimama nchi kavu. Na siku hizi kufika ni rahisi, daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, vile vipande vya vumbi vya njiani vikaja vikawekwa lami, mtu anatoka Dar alfajiri jioni anakula pweza Mikindani.

Mimi binafsi sitaki wazuiliwe. Kijiji kinahitaji watu, shule inahitaji watoto, mafundi wetu wanahitaji kazi. Ninachotaka ni kwamba wakija wakute tumeshaandika nini hakiuzwi. Kipindi cha matumaini ya gesi asilia, 2012 na 2013, madalali walijaa Mtwara yote, watu wakauza harakaharaka kwa matumaini, alafu mambo yakapoa na ardhi ikawa imeshakwenda. Hicho ndicho kinachonisukuma.

Kisheria tuko vizuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 ndiyo inayotupa nguvu ya kuandaa mpango wetu, halmashauri ya kijiji inaandaa na mkutano mkuu, yani kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu, unapitisha. Utaratibu wa tume ya taifa ya mipango ya matumizi ya ardhi una hatua sita, sisi sasa hivi tupo ya pili, tathmini shirikishi.

Agosti, katikati

Leo tumechora ramani ya chini. Kwa wasiojua, mnakaa chini ya mti mnachora kijiji kizima kwenye mchanga, majivu ndiyo barabara, majani ndiyo mashamba, mawe ndiyo nyumba, kila mtu anaruhusiwa kuja kurekebisha. Ni kazi nzuri kuliko ramani yoyote ya karatasi kwa sababu hata asiyejua kusoma anaona shamba lake limekosewa na anasema.

Ilipofika pwani ndipo nikaona kitu ambacho naomba kila kijiji kinachosoma hapa kikizingatie. Wataalamu wa wilaya waliuliza maeneo ya wazi ni yapi, yani yasiyotumika. Wazee wa kiume wakaonyesha ufukwe mrefu wa upande wa kusini, ule ambao ndio unapigwa picha na kila mgeni, wakasema pale hakuna kitu. Na kweli ukienda leo hakuna kitu, hakuna hata mtumbwi mmoja, kwa sababu sasa hivi ni kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini, na unapiga pale moja kwa moja, vyombo vyote vimehamia kwenye ghuba ndogo ya kaskazini.

Akasimama bibi mmoja mchokoa pweza, akaomba fimbo, akaanza kuchora kwenye ule mchanga uliosemwa hauna kitu. Huu mstari njia ya kutokea mwambani bamvua, yani maji makubwa ya mwezi, likikauka, hapa tunatua ndoo, hapa kivuli cha kungojea wenzetu, hapa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia mashua zinalala kuanzia mkwaju mpaka kwenye jiwe, hapa wanaanika dagaa. Akamaliza akasema, "Mkiandika pakavu, mtu atakuja kujenga Agosti, na sisi tukirudi Desemba tutapita wapi?"

Watu wakanyamaza kidogo alafu wakaanza kuongezea wenyewe. Uwanja wa jando, ambao miaka mingine hautumiki kabisa. Makaburi ya zamani yasiyo na alama zaidi ya mawe ya matumbawe na mti. Mashamba yaliyopumzishwa. Eneo la mizimu ambako watu hawakati kuni. Vyote hivyo ukipita navyo na gari unaona pori.

Kuanzia leo kamati imekubaliana kwamba pwani itachorwa mara mbili, ya kusi na ya kaskazi, na hakuna kipande kitakachoandikwa "wazi" mpaka kimeonekana kwenye misimu yote miwili. Afisa wa wilaya alisita kwanza kwa sababu ya muda na posho, ila akakubali, na namshukuru.

Septemba

Visima. Hii wiki imekuwa ya visima tu.

Hapa pwani maji baridi ya mvua yanakaa ardhini juu ya maji chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa makadirio wanayotumia watu wa maji, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji baridi chini yake. Raha ya hesabu hiyo inageuka ukianza kuvuta kwa pampu, ukishusha maji mita moja tu chumvi nayo inapanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa, na ikishaingia kisimani haitoki kirahisi hata uache kuvuta.

Tulizunguka na ndoo na kikombe tukionja, kazi ya kizamani lakini inasema ukweli. Kisima cha msikitini kitamu. Kisima cha katikati ya kijiji kitamu. Kile kilicho karibu na nyumba moja kubwa iliyojengwa juzijuzi, yenye pampu ya umeme na bustani ya majani inayomwagiliwa asubuhi na jioni, kina magadi ukikionja tu ncha ya ulimi inajua. Mama wa nyumba ya jirani ametuambia zamani walikuwa wanapikia chai maji yale, sasa wanayatumia kufulia na sabuni haitoi povu. Mwenye nyumba ni mtu mzuri, anachangia misiba, anasalimia watoto, hakuna aliyemwambia kabla hajachimba kwamba chini kuna nini. Ndiyo maana nasema mpango uandikwe mapema, mtu mwema asiye na taarifa anaweza kuharibia mtaa mzima maji.

Mapendekezo ya kamati mpaka sasa: pampu ya umeme haifungwi kwenye kisima kifupi bila kibali cha halmashauri ya kijiji, kila nyumba mpya ya bati inavuna maji ya mvua kwenye tanki, bwawa la kuogelea halijazwi kwa maji ya ardhini, na shimo la choo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, cha kwako au cha jirani. Hili la mwisho linatuhusu sisi wenyeji pia, vyoo vingine vya kwetu vipo karibu sana na inabidi tuanze na sisi.

Oktoba

Msimu wa korosho umefunguka, mkutano wa kamati unapata watu wachache, kila mtu yupo shambani anaokota. Nimetumia nafasi hii kuongea na watu waliokwisha kuuza vipande vyao vya pwani, mmoja mmoja, nyumbani kwao.

Kwanini waliuza? Ada ya shule, matibabu, bati, deni la salfa ya kupulizia mikorosho. Karibu wote waliuza miezi ya shida, kabla korosho haijaiva. Ni kangomba ileile tunayoijua, mtu anakukuta una njaa anakupa hela kidogo leo kwa mali itakayokuwa na thamani kubwa kesho, tofauti ni kwamba korosho mwakani utaokota tena na ufukwe hauzai mwingine. Kwenye korosho tulipigania stakabadhi ghalani, yani mzigo unawekwa ghalani unauzwa kwa pamoja, minada, bei ikitajwa hadharani kila mtu anasikia. Kwenye ardhi bado mtu anauza jikoni kwake usiku na mashahidi wawili walioletwa na dalali.

Kingine kilichoniumiza ni wanawake. Sisi Wamakonde kwa asili ardhi inafuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Kazi ya msemaji ni kuwalinda dada zake na watoto wao. Nimekuta kesi ambazo mjomba au kaka amesaini peke yake na dada anajua siku nguzo za seng'enge zinachimbiwa kwenye mihogo yake. Sheria ya vijiji iko wazi kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume, na kwamba kuhamisha haki kwa mtu asiye mkazi wa kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri inatakiwa kukataa uhamisho unaomnyang'anya mwanamke haki yake. Kwahiyo silaha tunayo. Tunachopendekeza ni fomu moja ya kijiji, kila mauzo yatangazwe kwenye mbao za matangazo za vitongoji kwa mwezi mzima kabla halmashauri haijakaa, na wanaukoo wa kike wasaini wao wenyewe mbele ya mtendaji. Na hati za kimila zinazotoka sasa ziandikwe majina yote, tusiandike jina la mwanaume pekee kwa mazoea.

Niseme na la wageni wa nje ya nchi, manake linaulizwa kila mkutano. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji, na ardhi ya kijiji lazima kwanza ihaulishwe, yani ihamishwe kisheria, iwe ardhi ya jumla. Kwa eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Kwahiyo yule anayekuja na "rafiki" wa kumuandikishia jina lake, tafadhali msimpokee hela, mnaingia kwenye kesi ambayo mtoto wako ndiye atakayeikuta.

Wazee waliponisikia naeleza hayo wakanikumbusha habari za Msimbati, kijiji cha pwani hapahapa Mtwara. Mwaka 1959 Mwingereza mstaafu aliyekuwa akiishi kule ufukweni, Latham Leslie-Moore, alijitangazia kwamba Msimbati ni usultani wake unaojitegemea. Baada ya uhuru akaondolewa. Mzee mmoja akaongeza la maana sana: kwamba huo ni ushahidi kuwa watu kuvutiwa na pwani ya kusini si jambo la jana, tumekuwa na muda mrefu wa kujipanga.

Novemba

Nimekuwa nasoma wenzetu duniani wamefanyaje, kwa sababu hili la watu kufuata mandhari lipo kila mahali penye mlima, ziwa au bahari nzuri. Mawili yamenikaa.

La kwanza ni Jackson, mji wa milimani jimbo la Wyoming, Marekani, kwenye mlango wa hifadhi ya Grand Teton. Kwenye kaunti yao karibu asilimia 97 ya ardhi ni ya umma, kwahiyo ile 3 iliyobaki ndiyo inagombaniwa na kila mwenye pesa anayetaka dirisha la kuangalia mlima. Matokeo yake watu wanaofanya mji uende, wauguzi, walimu, wapishi wa hoteli, wengi wamehamia ng'ambo ya mlima, jimbo la Idaho, wanavuka kila siku kwenda kazini. Juni 2024 kipande cha barabara ya huo mlima, Teton Pass, kiliporomoka, na mji ukajikuta watumishi wake wako upande wa pili. Sisi hatuna milima ya theluji lakini nimeona jambo letu humo: tukiuza ukanda wote wa pwani na ukanda wa pili, vijana wetu watakaofanya kazi kwenye hizo nyumba watalala wapi? Kwahiyo kamati imetenga eneo la akiba, kutembea kwa miguu kutoka baharini, karibu na shule, viwanja kwa ajili ya vijana wa kijiji wanaooa na kuolewa, visivyouzika kwa asiye mkazi. Wakati huu viwanja vingi vya hapo havina thamani kubwa ndio vizuri, tumevitenga bila ugomvi.

La pili ni jimbo la Vermont, hukohuko Marekani. Barabara kubwa zilipofika watu wa mijini wakaanza kujenga nyumba za mapumziko milimani kwa wingi, vyoo vikaanza kuchafua maji, na mwaka 1970 wakatunga sheria wanayoiita Act 250. Mradi mkubwa lazima upite kwenye kamati ya wilaya ya wananchi wa kawaida na kupimwa kwa vigezo 10, maji yapo, udongo utamomonyoka, shule itabeba, barabara itabeba, na hata uzuri wa mandhari wameuandika kama kigezo. Hapo kwenye mandhari nilisimama nikafikiri sana. Mtu anakuja kwa sababu ya mibuyu, alafu jambo la kwanza anakata mbuyu ili aone bahari vizuri. Tumeongeza kipengele: mbuyu, mkwaju na mikoko haikatwi kwa ajili ya kupata mwonekano.

Kwa kufuata mfano huo na sisi tumeandika maswali yetu ya kumuuliza kila anayeomba kujenga ukanda wa pwani. Maji utapata wapi. Choo kiko wapi. Taka zako zinakwenda wapi. Njia gani inapita kwenye eneo lako na utaiachaje. Kuna kaburi. Usipokuwepo nani anaangalia nyumba na analipwa nini. Yapo mengine ila hayo ndiyo yanayoleta mazungumzo.

Desemba

Kaskazi imeingia na tumerudi pwani na kifaa cha GPS kama tulivyokubaliana. Ufukwe wa kusini, ule "usiokuwa na kitu", umejaa. Mashua na ngalawa zimelala kuanzia mkwaju mpaka kwenye jiwe, vilevile kama bibi alivyochora. Mafundi wanapiga kalafati, yani wanaziba nyufa za vyombo, nyavu zimetandazwa, wauza vitumbua na chai, watoto, wachuuzi wa samaki wenye pikipiki wanasubiri mzigo. Tulipima diko lote, tukapima na kila njia inayoshuka kutoka vitongojini.

Upana ndio ulioleta mjadala mrefu. Wengine walisema njia ya miguu inatosha mita moja. Wavuvi wakasema twendeni mkaone, wakabeba ngalawa watu wa pande zote mbili, tukapima walivyosimama pamoja na ndubi, yale mabawa ya pembeni ya ngalawa, ikaonekana wazi kwamba mita moja ni ya kupita mbuzi. Tumeweka mita 3 kwa njia za wachokoa pweza na wachota maji, na mita 8 kwa njia zinazoshusha vyombo na kupandisha samaki kwa gari. Njia zote zinaishia majini, haziishii kwenye mita 60. Nalieleza hili kwa sababu watu wengi wanadhani Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, inatosha kutulinda. Inalinda ule ukanda, sawa. Lakini ukanda ukiwa wazi na nyuma yake kuna ukuta mmoja wa kilomita nzima, utafikaje? Waliokwenda kufanya kazi Zanzibar wanasimulia fukwe ambazo mwenyeji anazunguka mbali kufika kwenye bahari aliyozaliwa nayo. Mlango wa pwani ni njia, na njia ndiyo inayopotea kimyakimya.

Tumeweka alama za muda kwa vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe. Bikoni zenyewe, yani alama za mipaka za kudumu, zitafuata fedha ikipatikana.

Januari

Mkutano mkuu umefanyika, chini ya mwembe wa ofisi, watu wengi kuliko nilivyotarajia manake korosho zimeshauzwa. Ramani mbili zilitundikwa pamoja, ya kusi na ya kaskazi, na nilifurahi sana kuona watu wanasimama kati yake wanaonyeshana vidole, wanatafuta nyumba zao.

Vilivyopita: njia zote na upana wake, madiko yote mawili yawe mali ya kijiji yasiyogawiwa kwa mtu yeyote, makaburi, uwanja wa jando na eneo la mizimu, eneo la akiba la vijana, fomu ya mauzo na tangazo la mwezi mmoja. Maswali ya kumuuliza mjenzi yamepita pia, na baadhi ya wahamiaji waliokwishajenga walikuwepo na wakaunga mkono, mmoja amejitolea kurudisha seng'enge yake nyuma ili njia ya kisimani ipate mita zake 3. Tayari ameshaanza kung'oa nguzo.

Kisichopita: kibali cha pampu. Watu waligawanyika. Wapo wenyeji ambao watoto wao wa mjini wamewafungia pampu na kwao ni ukombozi, mama wa miaka sabini hatakiwi kuvuta ndoo kwa kamba, na mimi hilo nakubaliana nalo kabisa. Mwenyekiti ameahirisha mpaka mkutano wa robo ijayo. Kazi niliyopewa ni kuandika upya kipengele ili kitofautishe pampu ya kujaza tanki la nyumbani na pampu ya kumwagilia bustani na kujaza bwawa.

Kinachoendelea sasa: mtendaji anapeleka muhtasari na sheria ndogo halmashauri ya wilaya, manake bila wao kuidhinisha hazina nguvu mahakamani. Ramani inasafishwa na mtaalamu wa wilaya. Kamati inazungukia waliojenga karibu na njia kuwaonyesha vigingi. Na mimi natafuta maneno ya hicho kipengele cha visima, kama kijiji chenu cha Kilwa, Lindi au popote pwani kimeshaandika sheria ndogo ya maji ya visima ikapita wilayani, naomba mniwekee hapa jinsi ilivyoandikwa, hasa sehemu ya kiwango cha kuvuta na nani anapima, nataka kuipeleka kamati ikae nayo kabla Machi haijafika.